Mshika Funguo



Mwaka 2016, mjini New York, kampuni ya WeWork ilipunguza kiasi cha asilimia saba ya wafanyakazi wake. Waliosalia wakaitwa kwenye mkutano wa pamoja. Mwanzilishi wa kampuni, Adam Neumann, akasimama mbele yao akasema uamuzi ulikuwa mgumu lakini ulilazimu. Mara wakaingia watu na masinia, juu ya masinia vikombe vidogo vya plastiki, ndani ya vikombe tekila. Wakatakiana heri, wakanywa. Haukupita muda akatokea Darryl McDaniels wa kundi la Run-DMC, akamkumbatia Neumann, akaanza kutumbuiza. Gazeti la Wall Street Journal ndilo lililoianika habari hii, miaka mitatu baadaye.

Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma narudi kwenye swali moja. Vile vikombe, nani aliviokota?

Nina sababu ya kuuliza. Jioni ya leo nataka tuzungumze kuhusu watu wanaofanya kazi katika kampuni changa za teknolojia ya nyumba. Ni zile zinazosema zitakutafutia chumba kwa simu, zitanunua nyumba yako ukibonyeza kitufe, zitakupa mkopo wa nyumba bila wewe kukanyaga benki, au zitakupangishia meza na kiti mahali pa kufanyia kazi. Mabilioni yake yameandikwa sana, na waanzilishi wake wameandikwa sana. Mimi namtazama anayefungua mlango asubuhi.

Tuanze na hiyo WeWork, kwa kuwa ilipanda juu sana na ilianguka kwa kishindo. Biashara yake, ukiivua mapambo, Kariakoo wanaijua siku nyingi. Mtu anakodi fremu kwa mkataba mrefu, anaigawa kwa mbao, anaweka taa nzuri, halafu anawapangishia wenzake vipande vipande, mwezi kwa mwezi, kwa bei ambayo ukiijumlisha inazidi ile anayomlipa mwenye jengo. Vipande vikijaa, anakula. Wapangaji wakihama, mwenye jengo bado anataka kodi yake. Neumann na mwenzake Miguel McKelvey walianza hivyo hivyo mwaka 2010 mjini New York, ila wao waligawa kwa vioo. Ni kazi halali, kongwe, na inamlipa anayejua hesabu.

Lakini mwenye fremu Kariakoo hajawahi kudai kwamba anauza teknolojia. WeWork ilidai. Na neno hilo moja lina uzito wa ajabu mbele ya mwekezaji, maana mwenye majengo hupimwa kwa kodi anayokusanya, mwenye teknolojia hupimwa kwa ndoto anayoota. Masayoshi Son wa SoftBank ya Japani aliipenda ndoto ile, akamwaga mabilioni ya dola. Januari 2019 kampuni ikahesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Agosti mwaka huo huo ikatoa waraka wake ili iuze hisa kwa umma, na hapo watu wakasoma hesabu zenyewe. Mapato ya mwaka 2018 yalikuwa dola bilioni 1.8. Hasara, bilioni 1.9. Na kodi za pango ambazo kampuni ilikuwa imejifunga kulipa miaka ya mbele zilifika, kwa sadfa ya kuchekesha, dola bilioni 47.

Wiki sita hazijaisha vizuri, Neumann akawa ameachia ukurugenzi, na siku chache baadaye uuzaji wa hisa ukafutwa.

Sasa tuingie ndani ya majengo. Mle kulikuwa na vijana walioitwa timu ya jumuiya. Walifungua asubuhi, wakapokea wageni, wakahangaika na printa, wakahakikisha kahawa haijaisha na bia ya bure ipo kwenye pipa lake, wakamsikiliza mpangaji anayelalamika kuhusu intaneti, wakapokea vifurushi, wakaandaa hafla ya jioni. Ukiangalia kazi hizo kwa utulivu utaona huyu ni msimamizi wa jengo. Nairobi wangemwita keateka wa ploti na maisha yangeendelea. Lakini keateka wa ploti hapelekwi kambini. Wafanyakazi wa WeWork walikuwa wakipelekwa kambi ya kiangazi, muziki na pombe kwa siku kadhaa, na kukosa kwenda ilikuwa jambo la kujieleza. Ile ya mwaka 2018 ilifanyika Uingereza, shambani, watu kwa maelfu. Jumatatu jioni, baada ya saa za kazi, kulikuwa na mkutano wa kumshukuru Mungu kwamba ni Jumatatu. Julai 2018 wakatangaziwa kwamba kampuni haitamrudishia mtu fedha ya mlo wenye nyama. Neno lililotawala katika yote hayo lilikuwa "sisi". Mpaka kampuni yenyewe ikabadilishwa jina, ikaitwa kampuni ya Sisi.

Hebu niambie, msikilizaji. Ukiwa ndani ya "sisi", ovataimu unamdai nani?

Nisiwe mchoyo wa haki. Wengi wa vijana wale waliipenda kazi yao, na hawakuwa wajinga. Mtu ana miaka ishirini na minne, ametoka chuo, mwenzake yuko benki anapiga mihuri, yeye yuko jengo lenye muziki na anaambiwa anabadilisha namna dunia inavyofanya kazi. Ungekataa? Mimi nisingekataa, na baadaye kidogo nitakueleza kwamba sikukataa.

Turudi kwenye vikombe. Mwaka 2015, yaani mwaka mmoja kabla ya tekila ile, wasafishaji wa majengo ya WeWork mjini New York walitaka kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwenye karatasi hawakuwa watu wa WeWork. Walikuwa watu wa kampuni ya usafi iliyopewa kandarasi. Kampuni hiyo ikaachana na kandarasi, wao wakajikuta nje, wakaandamana mbele ya majengo waliyokuwa wakiyasafisha usiku. WeWork ikaja kuanza kuajiri wasafishaji wake yenyewe. Kisha shida ya mwaka 2019 ilipofika, watu wapatao 1,000 wa usafi na matengenezo wakasukumwa tena kwa kampuni ya nje. "Sisi" ilikuwa na mlango wa nyuma, na wenye ufagio ndio walioujua.

Kuna jambo moja lililonifurahisha katika habari hiyo yote, na kwa bahati mbaya halisimuliwi sana. Novemba 2019 wafanyakazi wa WeWork waliungana wakauandikia uongozi barua. Waliomba wanaopunguzwa walipwe kiinua mgongo cha haki, waachiwe bima ya afya, na wafidiwe hisa zilizoyeyuka. Halafu wakaongeza hoja ya wasafishaji, wakitaka ielezwe ni mikataba ya namna gani wenzao wale wanalazimishwa kutia saini ili wabaki na kazi. Walikumbuka pia wale walioko Marekani kwa viza ya kazi, ambao wakipoteza ajira wanapoteza na ruhusa ya kuishi. Hapo, kwa mara ya kwanza, naona neno "sisi" likitumika kwa maana yake.

Watu 2,400 waliondolewa mwezi huo huo. Na walikuwa wameshasubiri, maana vyombo vya habari viliripoti kwamba zoezi lilisogezwa mbele kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kuwalipa wanaoondoka. Fikiria, unakwenda kazini kila asubuhi, unawasha taa, unapanga vikombe vya kahawa, huku unajua kwamba hujafukuzwa kwa sababu tu hela ya kukufukuzia haijapatikana.

Hizo hisa nilizozitaja zinahitaji maelezo, kwa sababu chambo hicho kimeshafika huku kwetu. Kampuni changa ikikosa fedha ya mshahara mzuri hukwambia: chukua mshahara mdogo, tutakupa haki ya kununua hisa zetu. Si hisa zenyewe, msikilizaji, ni haki ya kuzinunua, kwa bei iliyoandikwa siku unapopewa haki hiyo. Kampuni ikipanda, utanunua kwa ile bei ya zamani na utauza kwa mpya. Ikishuka chini ya bei yako, umeshika karatasi. Mwanzoni mwa 2019 hisa moja ya WeWork ilihesabiwa dola 110. Oktoba, SoftBank ilipokuja kuiokoa, ikatangaza kununua hisa za watu kwa dola 19.19. Aliyepewa haki yake wakati wa shangwe akawa hana kitu. Aprili 2020 SoftBank ikajitoa hata kwenye ununuzi huo wa dola 19.19. Neumann yeye alikuwa amepangiwa malipo na mikopo ambayo magazeti yaliijumlisha kuwa dola bilioni 1.7. Baadaye ikapunguzwa kwa mapatano, lakini hakutoka mikono mitupu.

Sasa nijitie mwenyewe.

Kabla sijaingia redioni nilifanya kazi miezi minane katika kampuni changa ya kutafutia watu nyumba hapa Dar es Salaam. Jina silitaji. Ilishafungwa, na tuliokuwamo tunajuana. Azma yake ilikuwa kumwondoa dalali. Dalali unamjua. Anakuzungusha juani kutoka Sinza mpaka Mwananyamala, anakuonyesha vyumba ambavyo hukuvitaka ili ukichoka ukubali kile alichokusudia, kisha anachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, na mwenye nyumba naye anataka miezi sita mbele. Sisi tungeweka nyumba zote kwenye programu ya simu. Mpangaji angechagua amekaa, anakunywa chai.

Cheo changu kilikuwa afisa uthibitishaji. Nilipewa fulana, futi ya kupimia vyumba, na bando la intaneti lililokuwa likiisha kabla ya mwezi. Siku ya kwanza nikatumwa Tabata. Nikabisha hodi, nikamwamkia mama mwenye nyumba, nikaeleza habari zangu zote kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea maji ya kunywa, ndipo akauliza:

"Mwanangu, na hao watoza kodi wa TRA wanaiona hiyo programu?"

Nikamwambia mama, kila mwenye simu anaiona.

"Basi niachie dalali wangu."

Nilirudi na majibu ya namna hiyo wiki nzima. Na hata kwa waliokubali, kulikuwa na tatizo la pili. Programu ilikuwa na visanduku vya kujaza: vyumba vingapi, choo cha ndani au cha nje, geti lipo au halipo, kodi kiasi gani. Hakikuwapo kisanduku cha kuandika kwamba maji ya DAWASA hapo yanatoka saa nane usiku na lazima mtu aamke kukinga. Hakikuwapo cha kuandika kwamba mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wanne, na kila umeme ukikata kuna kesi. Wala cha mvua za Aprili, uani kunapokuwa hakupitiki. Dalali anayajua hayo yote bila kuandika mahali. Ndiyo mali yake. Atakuficha, kweli, lakini anayajua, na ukimbana atasema.

Mwezi wa tatu tukaanza kuwapigia simu madalali watuletee nyumba. Ilipofika mwezi wa tano, nyumba nyingi kwenye programu yetu zilikuwa za madalali waliojiandikisha kana kwamba ni wenye nyumba. Sisi tuliokuwa tukitembea tulilijua hilo sote. Ofisini, penye kiyoyozi, mstari kwenye skrini ulikuwa unapanda, na wageni waliokuja kuangalia kama watie fedha walionyeshwa huo mstari. Nilimwendea bosi wetu, kijana mpole, hana makuu, nikamweleza. Akaniwekea mkono begani. "Kaka, hilo watu wa mfumo watalimaliza."

Watu wa mfumo walikuwa wawili. Mmoja wao hajawahi kupanga nyumba maisha yake yote, alikuwa anakaa kwao.

Mwezi wa saba mshahara haukutoka. Tukaitwa, tukaambiwa sisi ni familia, tuvumilie, tukivuka hapa kila mmoja ana hisa zake. Karatasi ya hisa hizo sikuwahi kuiona. Mwezi wa nane nikaondoka, na nadai mshahara wa mwezi mmoja na nusu mpaka hivi ninavyoongea. Fulana ninayo. Pamba nzuri, inakausha maji vizuri sana wakati wa kupiga deki.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Zillow nilicheka peke yangu. Zillow ni kampuni ya Seattle ambayo kila Mmarekani anayetafuta nyumba ameshaifungua. Inakadiria bei ya nyumba karibu kila mtaa wa nchi ile, kwa hesabu za kompyuta, hata kama nyumba haiuzwi. Mwaka 2018 ikasema: tunajua bei za nyumba zote, kwa nini tusinunue wenyewe? Ikaanza kununua, kurekebisha kidogo, kuuza. Ikaajiri wakaguzi, wasimamizi wa mafundi, na wachambuzi wa kuipitia bei iliyotoka kwenye kompyuta kabla haijamfikia mwenye nyumba.

Mwaka 2021 ikaona inaachwa nyuma na mshindani wake, Opendoor. Magazeti ya Marekani yaliripoti baadaye kwamba ndani ya kampuni kukawa na mpango wa kuongeza kasi ya kununua, wakaupa jina la Ketchup, kama ile tomato ya kwenye chipsi. Wachambuzi wa bei wakapunguziwa uwezo wa kuishusha bei pale walipoona kompyuta imezidisha. Yaani mtu amefundishwa kazi, anaona kwamba hapa tunalipa kupita kiasi, anasema, na mkono wake umefungwa. Tarehe 2 Novemba 2021 Zillow ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Zilikuwa zimebaki nyumba kwa maelfu za kuuza. Robo moja ya wafanyakazi, kama watu 2,000, wakaambiwa ajira zao zinakwisha. Sababu iliyotolewa na uongozi ni kwamba bei za nyumba zimekuwa ngumu kutabirika kuliko walivyofikiri.

Nyumba zina hewa, zina kelele, zina jirani mwenye mbwa. Aliyeziona kwa macho aliondoka mlango mmoja na mashine iliyokataa kumsikiliza.

Better.com nitaipitia haraka, kwa kuwa video yake wengi mliiona. Ni kampuni ya mikopo ya nyumba kwa njia ya intaneti. Riba zilipokuwa chini wakati wa korona iliajiri kwa pupa. Tarehe 1 Desemba 2021, mkurugenzi wake Vishal Garg akawaita watu wapatao 900 kwenye Zoom, akawaambia kwamba kila aliyemo kwenye simu hiyo, huo ndio mwisho wa kazi yake. Kama dakika tatu, basi. Siku moja kabla ilikuwa imetangazwa kwamba kampuni inapokea dola milioni 750, na mmoja wa watoaji alikuwa SoftBank, ndio hao hao. Machi 2022 wakaondolewa wengine karibu 3,000, Marekani na India, na safari hii baadhi yao walikuta fedha za kuagwa zimeingia kwenye mfumo wa mishahara kabla hawajaambiwa neno. Mtu anafungua simu asubuhi, anaona ameshapewa kiinua mgongo. 

Yupo aliyejaribu vingine? Yupo. Redfin, nayo ya Seattle, ilichukua mawakala wa nyumba ikawaajiri kwa mshahara na bima ya afya, na nyongeza yao ikategemea mteja ameridhika kiasi gani. Katika nchi ambayo wakala wa nyumba hula kamisheni tu kama dalali wetu, hilo lilikuwa jambo kubwa, na mimi nalihesabu kuwa jaribio la heshima kuliko yote niliyoyataja leo. Lakini nayo iliingia kwenye mchezo wa kununua nyumba, Novemba 2022 ikaufunga, ikaondoa watu 862. Na mwaka 2024 ikawa inawahamishia mawakala wake kwenye mpango unaotegemea zaidi kamisheni. Miaka ishirini ya safari, na kituo cha mwisho ni Mwananyamala.

Utasema, haya ni ya Marekani, ambako mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi siku yoyote, na sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mkubwa atoe taarifa ya siku 60 pale tu anapoondoa watu wengi kwa pamoja. Huku kwetu sheria ina meno zaidi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane. Kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka kumi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 15 kwa mwaka. Mkutano wa dakika tatu kwenye Zoom hauwezi kupita kwenye vifungu hivyo.

Lakini vifungu hivyo vinamlinda mfanyakazi. Mimi mkataba wangu ulisema nini? Nilikuja kuusoma vizuri nikiwa nimeshaondoka. Ulisema "mshirika". Ukurasa wa pili ulisema "mtoa huduma huru". Neno "mwajiriwa" halikuwamo mahali popote, ingawa nilikuwa naripoti saa mbili kamili asubuhi, nimevaa fulana yao, na nikichelewa nakatwa. Sheria zetu zina namna ya kutazama kazi yenyewe ilivyo bila kujali jina kwenye karatasi, na pengine ningeshinda. Sikwenda popote. Niliona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimeshawaambia watu mtaani kwamba nafanya kazi kwenye teknolojia.

Neumann hajambo. Agosti 2022 kampuni ya uwekezaji ya Andreessen Horowitz ilimpa dola milioni 350 kwa ajili ya kampuni yake mpya, Flow, inayoshughulika na nyumba za kupanga. WeWork yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika tarehe 6 Novemba 2023, ikaibuka mwaka uliofuata ikiwa ndogo zaidi.

Kwako wewe unayesikiliza na mkataba wa namna hiyo upo kwenye bahasha, hujautia saini: tafuta umeitwa nani humo ndani. Ukikuta "mshirika" na kazi ni ya kuripoti asubuhi, uliza, na jibu walitoe kwa maandishi. Ukiahidiwa hisa, taka kuiona karatasi yake na bei iliyoandikwa. Na kwako uliyeachishwa wiki hii, malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hapa Tanzania yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine kama mshahara ambao haukulipwa, ndani ya siku 60. Mimi zangu zilipita nikiwa nimekaa nyumbani. Zako zimeshaanza kuhesabiwa. Nenda kesho asubuhi, na mkataba wako mkononi.